Weledi wa mwanajeshi haupimwi kwa shabaha pekee

MWALIMU mmoja wa Kiswahili kutoka Kawangware ameniandikia akitaka nimwamulie ubishi uliozuka baina ya wanafunzi wake wa kidato cha nne. Walikuwa wakitafsiri sentensi ya Kiingereza iliyomsifu mwanajeshi kuwa 'professional'. Baadhi waliandika 'mwanajeshi mtaalamu', wengine 'mtaalamu wa kijeshi', na mmoja, labda kwa kuchoka, akaandika 'soja wa kweli'. Mwalimu anauliza: nani amepata?

Jibu la haraka ni kwamba makundi mawili ya kwanza yamekosa, na huyo wa mwisho amekaribia kuliko anavyodhani. Lakini jibu la haraka halimfai mwalimu. Hebu tuyapekue maneno yenyewe.

'Mtaalamu' ni jamaa wa karibu wa 'elimu', 'mwalimu' na 'taaluma'. Yote yametokana na mzizi mmoja wa Kiarabu unaohusu kujua. Kwa hivyo mtaalamu wa kijeshi ni mtu anayeyajua mambo ya jeshi, hata kama hajawahi kuvaa gwanda. Anaweza kuwa mhadhiri anayealikwa runingani kuchambua vita vya Somalia. Naye mwanajeshi mtaalamu ni mwanajeshi mwenye ujuzi mahususi: daktari wa upasuaji, mhandisi wa madaraja, rubani wa helikopta. Wote hao wana utaalamu. Swali la mwalimu wetu linakwenda mbele ya hapo. Linauliza utaalamu huo unatumiwaje, kwa niaba ya nani na kwa mipaka gani.

Kwa maana hiyo napendekeza 'mwanajeshi mweledi'. Najua kamusi huelekea kulieleza neno 'weledi' kwa ujuzi na maarifa tu. Hata hivyo, matumizi yamelipanua. Tukisema mwanahabari fulani amekosa weledi, hatumaanishi hajui kuandika. Tunamaanisha amekiuka miiko ya kazi yake.

'Askari' je? Jijini Nairobi neno hili limebeba watu wengi mno. Polisi ni askari, bawabu wa benki ni askari, na kanjo anayewafukuza wachuuzi Tom Mboya Street pia ni askari. Bawabu huyo huyo mitaani huitwa 'soja', na wote hawa, wakitaka kulainishwa, huitwa 'afande'. Hata ukumbusho wa Kenyatta Avenue wenye sanamu tatu, uliozinduliwa mwaka wa 1928, hauwaenzi askari peke yao. Unawataja pia wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wale waliobeba mizigo ya jeshi mabegani na ambao kikosi chao ndicho kilichotupa jina la Kariokor. Wapagazi wale walikufa kwa maelfu, lakini wengi wao walikuwa wamelazimishwa kwenda. Walikuwa vitani, ila vita havikuwa kazi waliyoichagua. Weledi huanza mtu anapoichagua kazi na kuapa kuifuata.

Je, anayeichagua kwa ajili ya mshahara? Hapa Kiswahili kina neno kali: 'mamluki'. Kwa asili ya Kiarabu ni mtu anayemilikiwa. Mamluki anaweza kuwa hodari wa silaha kuliko wanajeshi wengi. Mfaransa Bob Denard na genge lake waliipindua serikali ya Ali Soilih kule Komoro mwezi Mei 1978, na hakuna anayeweza kudai kwamba hawakuijua kazi ya bunduki. Lakini utii wao ulikuwa kwa aliyewalipa. Mwanajeshi mweledi naye hulipwa, na ana haki ya kulipwa vizuri, ila hanunuliki. Hiyo ndiyo tofauti.

Msomi wa Marekani Samuel Huntington, katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1957, aliutaja weledi wa afisa wa jeshi kuwa na nguzo tatu: ujuzi, wajibu kwa jamii na umoja wa wanaoifanya kazi hiyo. Nakubaliana naye kuhusu nguzo hizo. Sikubaliani naye anapoziwekea maafisa pekee na kuwaacha nje askari wa vyeo vya chini, kana kwamba wao ni mikono tu ya kutumwa. Historia yetu inaonyesha kwamba mambo huharibika au kutengenea hata mikononi mwa koplo.

Januari 1964, wiki chache tu baada ya uhuru, askari wa kikosi cha 11 cha Kenya Rifles waliasi kambini Lanet, karibu na Nakuru. Siku chache kabla, wenzao wa Tanganyika na Uganda walikuwa wameasi pia. Malalamiko yalifanana: mshahara duni na maafisa Waingereza waliokuwa bado wakiwaongoza. Malalamiko hayo yalikuwa na msingi, lakini njia waliyoifuata ilizilazimu serikali tatu changa kuita majeshi ya Uingereza kuwazima.

Majirani zetu wa kusini walilivunja jeshi lile na kuunda Jeshi la Wananchi wa Tanzania, ambalo askari wake waliruhusiwa kuwa wanachama wa TANU. Kwao, mwanajeshi mwema alikuwa yule aliyeelewa siasa ya nchi. Kenya ilifuata mkondo mwingine, wa kumweka mwanajeshi mbali na majukwaa ya siasa. Mkondo huo nao ulipata mtihani mkali alfajiri ya Agosti 1, 1982, pale wanajeshi wa wanahewa walipoiteka redio ya Sauti ya Kenya katikati ya jiji na kutangaza kuwa serikali imepinduliwa. Wanahewa si watu wa kuokotwa njiani. Kazi yao inadai masomo na mafunzo marefu. Ujuzi ulikuwapo. Kilichokosekana ni ile nguzo ya pili. Jeshi la nchi kavu lilizima jaribio hilo, na kikosi kizima cha wanahewa kikavunjwa na kuundwa upya.

Mtihani mwingine ulikuja Westlands, katika jumba la Westgate, Septemba 2013. Watu 67 waliuawa na magaidi. Wanajeshi walihatarisha maisha yao mle ndani, na hilo lisisahauliwe. Lakini kamera za jumba zikaonyesha baadhi yao wakitoka na mifuko ya plastiki. Mwezi uliofuata Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, Jenerali Julius Karangi, alitangaza kwamba wanajeshi wawili walikuwa wamefutwa na kufungwa. Shabaha ya wawili hao haikuwa na kasoro, nijuavyo. Weledi wao ndio uliotiliwa shaka, na shaka hiyo ikawachafua hata wenzao ambao hawakugusa kitu.

Turudi kwa yule mwanafunzi wa 'soja wa kweli'. Ukweli wa soja uko wapi? Wengi watajibu kwamba uko katika utiifu: amri ni amri. Sheria yetu haisemi hivyo. Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya mwaka wa 2012 inamwadhibu anayekaidi amri halali. Sifa hiyo moja, 'halali', ndiyo inayotenganisha mweledi na mashine. Nayo Katiba, katika kifungu cha 239, inavikataza vyombo vya usalama kupendelea chama chochote, na inaviweka chini ya mamlaka ya kiraia. Haisemi maafisa pekee.

Ubishi huu ulitoka darasani ukaingia barabarani Juni 25, 2024, vijana walipoingia Bungeni na serikali ikatangaza kuwa wanajeshi watawasaidia polisi. Wabunge waliidhinisha siku iliyofuata, na mawakili wakaenda mahakamani. Kifungu cha 241 kinatofautisha mambo mawili: jeshi 'kusaidia' wakati wa dharura, kisha kuripoti kwa Bunge la Taifa, na jeshi 'kurejesha amani' palipo na machafuko, jambo ambalo linahitaji idhini ya Bunge hilo. Kwa msomaji wa haraka ni vitenzi viwili tu. Kwa mwanajeshi aliyesimama na bunduki kando ya Parliament Road, mbele yake kijana anayepeperusha bendera ya Kenya, ni mpaka wa kazi yake.

Basi, mwalimu, waambie wanafunzi wako waandike 'mwanajeshi mweledi', na wajue uzito wa sifa wanayoitoa. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Raia hana budi kumpisha mwenye bunduki. Methali haimwachii njia nyingine. Weledi ndio unaomfanya mwenye bunduki naye ajue ni wakati gani anapaswa kumpisha raia. Mwanafunzi wa 'soja wa kweli' mpe nusu alama. Nusu nyingine apewe akieleza kweli hiyo ni ipi.