Mlima Masaba Haupandwi kwa Ubavu

Askari akaaye katika nyumba za Walukuba, mjini Jinja, ambaye kila alfajiri hukimbia masafa marefu na kurejea kabla ya chai, aghalabu hujiona tayari kwa mlima wowote. Mkewe na watoto wao wakubwa nao hutamani kufuatana naye wakati wa likizo. Hamu hiyo ni njema. Lakini yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba mlima mrefu hauulizi cheo wala misuli. Kijana mwenye nguvu anaweza kuugua kabla ya wote, kwa kuwa yeye ndiye atanguliaye mbio.

Mlima ulio karibu nao ni Elgon, ambao Wagisu huuita Masaba. Ni volkano iliyozimika, na umekaa katika mpaka wa Uganda na Kenya. Kilele chake kirefu, Wagagai, kiko upande wa Uganda na kina urefu wa mita 4,321. Walukuba, kando ya Ziwa Victoria, iko katika mita 1,100 na zaidi kidogo. Tofauti hiyo ya zaidi ya mita 3,000 ndiyo inayohitaji mpango.

Njia na siku zake

Kutoka Jinja basi hupita Iganga na Tirinyi hadi Mbale. Mjini Mbale kuna ofisi ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, iliyo chini ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Hapo ndipo pa kuulizia ada, kiongozi wa njia, askari wa hifadhi na wapagazi. Hata mwanajeshi aliyezoea msitu hana ruhusa ya kwenda bila kiongozi, na haifai atamani kufanya hivyo, kwa maana ukungu wa juu huficha njia kwa dakika chache.

Njia ya Sasa, ianziayo Budadiri, huchukua siku nne. Usiku wa kwanza hulalwa kambi ya Mto Sasa, mita 2,900; usiku wa pili pango la Mude, mita 3,500. Siku ya tatu hupandwa kilele na kurudi Mude, na ya nne ni ya kuteremka. Njia ya Sipi ni ndefu zaidi, lakini mwinuko wake ni wa polepole. Familia yenye nafasi ya siku moja zaidi na iitumie kupumzika njiani, wala siyo kuongeza mwendo.

Miezi mizuri ni Desemba hadi Februari. Wakati wa masika udongo wa mlima huu hulainika na kuteleza. Maporomoko ya Bududa ya Machi 2010, yaliyoua watu wengi, hayajasahauliwa na wakazi wa Mbale.

Nguo na chakula

Kwa kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kiasi cha nyuzi 6. Walukuba ikiwa na nyuzi 28 mchana, kileleni zaweza kuwa 9 tu, na usiku maji huweza kuganda. Kila mtu achukue sweta mbili, koti la mvua, kofia ya sufu, soksi za kubadilisha, tochi, na viatu vilivyokwisha kuvaliwa wiki kadhaa. Shati la pamba likilowa huondoa joto mwilini; nguo kavu ya kulalia ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki.

Mama wa nyumbani ajue pia kwamba huko juu maji huchemka kabla ya kufikia moto wa kawaida. Penye mita 3,500 huchemka kwa nyuzi 88 hivi, na maharage makavu yanaweza kushinda jikoni bila kuiva. Afadhali kuchukua unga wa uji, karanga zilizosagwa, sukari, chapati za siku mbili za kwanza, na mukene wakavu wa Masese. Waragi ibaki nyumbani. Humpa mnywaji hisia ya joto, kumbe inaufanya mwili upoteze joto lake.

Maradhi ya kimo

Kileleni kila pumzi huingiza oksijeni ipatayo sehemu sita tu katika kumi za ile ya pwani. Mwili huzoea, lakini kwa siku, si kwa saa. Dalili za kwanza ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na kukosa usingizi. Mwenye dalili hizo asipande tena mpaka zimwishe. Akianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kuhema ilhali ameketi, hayo ni mambo ya kufa na kupona: ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku, wala asiachwe peke yake. Kipimo chepesi ni kumtembeza juu ya mstari ulionyooka, kisigino mbele ya kidole. Akishindwa, safari yake ya juu imekwisha.

Kabla ya kuondoka, wote wapimwe malaria, maana homa iliyobebwa kutoka bondeni huweza kudhaniwa kuwa maradhi ya kimo. Mwenye ugonjwa wa seli mundu, wa moyo au wa mapafu, pamoja na mama mjamzito, wasipande bila idhini ya daktari. Mtoto mdogo asiyeweza kueleza anavyojisikia abaki kwa bibi yake.

Neno la kurudi

Lililo kubwa kuliko yote lisemwe sebuleni Walukuba, kabla ya mizigo kufungwa: ni nani mwenye neno la kurudi? Jibu ni kiongozi wa njia, na baada yake yeyote anayejisikia vibaya. Baba aliyezoea kutoa amri akubali siku hizo kuipokea. Mwana asione haya kusema kichwa kinamuuma, wala asichekwe na ndugu zake akisema.

Familia iliyogeuka penye mita 4,000 na kufika nyumbani ikiwa kamili imefanya safari njema. Wagagai itakuwapo Desemba ijayo.