Kuwaandaa Wataalamu wa CBT kwa Kesi Nzito

Tiba ya fikra na tabia, inayofahamika zaidi kwa kifupi chake CBT, ilianza miaka ya 1960 nchini Marekani. Daktari wa akili Aaron Beck wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania aliona kuwa wagonjwa wake wa sonona walitawaliwa na mawazo ya kujidharau na kukata tamaa, yanayojileta yenyewe. Akabuni njia ya mgonjwa na mtaalamu kuyachunguza pamoja, kuyapima kwa ushahidi na kubadili mienendo inayoyapa nguvu. Mwaka 1979 Beck na wenzake walichapisha kitabu kinachoeleza tiba ya sonona hatua kwa hatua, na kufundisha CBT kwa utaratibu kukawa rahisi zaidi. Mwenye tatizo moja lililo wazi mara nyingi hufaidika na mwongozo wa aina hiyo. Kazi huwa ngumu matatizo yanapokuwa mengi na kushikana.

Kesi huwa nzito kwa sababu kadhaa: magonjwa mawili au matatu kwa pamoja, kiwewe cha miaka mingi, ulevi, fikra za kujiua, au umaskini na ugomvi wa nyumbani usiokoma. Tuseme mama mmoja ana sonona, anakunywa pombe ili apate usingizi, alikuwa akipigwa tangu utotoni, na kila wiki anarudi kliniki bila kufanya zoezi alilopewa. Mtaalamu anayejua mwongozo mmoja tu hubaki akirukaruka: leo usingizi, wiki ijayo pombe, wiki inayofuata kumbukumbu za utotoni. Baada ya miezi miwili hakuna kilichokamilika, na mama anaamini kuwa hata tiba imemshinda.

Ndiyo maana mafunzo ya kesi nzito hutanguliza uchambuzi wa kesi kabla ya kuongeza mbinu mpya. Mwanafunzi hujifunza kueleza kwa maandishi, tena kwa ufupi, tatizo lilivyoanza, kinacholiamsha, kinacholidumisha na nguvu alizonazo mgonjwa. Kwa mama huyo, uchambuzi unaweza kuonyesha kwamba tangu utotoni anajiona hana thamani na anatarajia kukaripiwa kila anapokosea. Zoezi halifanywi kwa sababu analiogopa, wala si uvivu. Hivyo linapunguzwa hadi kiasi anachokimudu, na linaanzia palepale kliniki akiwa na mtaalamu. Pombe nayo inaingia kwenye mpango mapema, kwa kuwa inavuruga usingizi na kuzidisha huzuni. Fikra za kujiua zikiwepo, usalama wake hutangulia yote.

Uwezo huu haupatikani kwa semina peke yake. Semina ya siku mbili tatu huongeza maarifa, lakini stadi huja kwa kutenda huku mwenye uzoefu akitazama. Wanafunzi huanza na igizo dhima, mmoja akiwa mgonjwa na mwingine mtaalamu, kisha hupewa wagonjwa halisi chini ya msimamizi. Mgonjwa akiridhia, vikao hurekodiwa na kusikilizwa upya. Msimamizi anaweza kusimamisha rekodi pale mgonjwa aliponyamaza, akamuuliza mwanafunzi kwa nini alikimbilia kutoa ushauri badala ya kusubiri. Nchini Uingereza vikao kama hivyo hupimwa kwa kipimo chenye vipengele 12, kila kimoja kikipewa alama kuanzia 0 hadi 6. Vipengele hivyo hugusa upangaji wa ajenda, ushirikiano, namna ya kuuliza maswali na utoaji wa mazoezi ya nyumbani. Jumla ya alama ni 72, na kwa kawaida 36 ndiyo huhesabiwa kuwa kiwango cha umahiri.

Mwanafunzi pia hujitazama mwenyewe. James Bennett-Levy, mtafiti aliyeandika sana kuhusu mafunzo ya CBT, anahimiza wataalamu kujaribu mbinu hizo juu ya maisha yao na kuandika walichogundua. Mgonjwa mwenye hasira au asiyeamini mtu huamsha hofu kwa mtaalamu, na asiyeitambua hofu yake huishia kumlaumu mgonjwa au kukwepa mada ngumu.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake kuhusu mafunzo ya namna hii. Huko Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya, watu wasio na taaluma ya afya ya akili walifunzwa kutoa CBT kwa watoto waliofiwa na wazazi. Walifuata utaratibu wa uanagenzi: mafunzo mafupi, mazoezi ya kuigiza, kisha kikao cha mara kwa mara na msimamizi wa hapohapo, naye akisaidiwa na wakufunzi wabobezi. Utafiti wa watoto 640, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kuwa tiba ilipomalizika, dalili za kiwewe zilikuwa zimepungua kuliko kwa huduma za kawaida katika maeneo matatu kati ya manne ya utafiti huo. Mwaka mmoja baadaye tofauti hiyo ilionekana katika maeneo mawili ya Kenya, lakini si Tanzania.

Mafunzo mazuri hufundisha mipaka pia. Mwenye dalili za skizofrenia huhitaji daktari wa akili sambamba na mazungumzo. Kwa anayejidhuru mara kwa mara ipo tiba iliyochipuka kutoka katika CBT, iliyobuniwa na Marsha Linehan nchini Marekani, na ina mafunzo yake mahususi. Mtaalamu aliyeiva hujua lini aendelee, lini aombe msaada na lini atoe rufaa. Kwa hiyo hospitali au shirika linalotaka kuhudumia kesi nzito halina budi kutenga muda na fedha za usimamizi hata baada ya vyeti kutolewa, kwani hata mtaalamu wa miaka mingi huhitaji mwenzake wa kuipitia naye kazi yake.