Furaha ambazo hazikungoja mavuno

Juma hili mvua imenyesha karibu kila mchana, na sisi tunaopita nyumba kwa nyumba tumerudi na matope mpaka magotini. Mara nyingi barua yetu ya juma inasema juu ya likelemba, chanjo na wagonjwa wa kutembelea. Leo tunawaandikia juu ya nyumba moja tu, ya wazazi vijana wa hapa Kirolirwe, kwa sababu tulitoka kwao tukicheka, na ni siku nyingi hatujatoka mahali tukicheka.

Historia yao mnaijua, ni yenu pia. Mwishoni mwa Januari 2023, vita ilipofika upande wa Kitshanga, walishuka Sake kwa miguu, kisha wakaenda Bulengo, karibu na Goma. Binti yao alikuwa na miaka mitatu. Walilala miaka miwili chini ya shitingi, juu ya mawe ya volkano, mahali ambapo hata kitunguu hakikubali kuota. Walirudi Februari 2025, kambi zilipovunjwa. Nyumba waliikuta haina mabati wala mlango.

Mwezi huu wa kumi ni mgumu, kila mama anaujua. Maharagi yamepandwa Septemba, viazi viko chini ya udongo, na mavuno hayaji mpaka karibu na Januari. Makopo mawili ya maharagi yaliyobaki kwao, mama mkwe alisema yapandwe yote. Siku ile ya kupanda, binti alisimama pembeni ya shamba akalia. Yeye alijua maharagi ya mfuko wa msaada tu, yanayopimwa na kupikwa. Akauliza, "Mama, mbona mnazika chakula?"

Hawakuwa na jibu zuri. Walimwambia angoje.

Tangu siku ile, kila asubuhi kabla ya kwenda masomo, mtoto anapita shambani kutazama. Siku mche wa kwanza ulipotoka, na punje yake imepasuka juu kama kofia, alirudi mbio akipiga kelele: "Koko! Yamefufuka!" Mama mkwe alipotueleza hayo alicheka mpaka akakaa chini, na sisi tukakaa naye.

Sasa wanakula majani yake. Wamama wengine wanaona majani ya maharagi ni chakula cha aibu, cha mtu aliyekosa. Sisi hatukubali. Yakichumwa yakiwa machanga, kabla ya maua, mawili matatu kwa kila shina bila kugusa kichwa cha mche, maharagi yanaendelea kuzaa vizuri. Yapikwe na mawese na chumvi kidogo. Binti ndiye anayechuma, na anahesabu kwa sauti ili asiibie shina lolote.

Mwaka huu ameanza darasa la kwanza. Serikali iliondoa malipo ya masomo ya msingi mwaka 2019, lakini madaftari na nguo nyeupe na bluu vimebaki juu ya mama, tusidanganyane. Shati lake jeupe limekatwa kutoka shati kuukuu la baba. Kwa matope ya barabara yetu, linafuliwa kila jioni na kukaushwa juu ya mafiga, na asubuhi linanuka moshi. Mama alitaka kuona haya mbele yetu. Mtoto akalivuta shati puani, akasema hiyo ndiyo harufu ya masomo.

Mtoto wa pili ana miezi minne, amezaliwa hapa hapa nyumbani kwao. Juu yake kuna mabishano kidogo. Jirani mwenye ng'ombe mmoja anawapa maziwa ya jioni, nusu lita, nao wanamkatia majani ya mifugo. Mama mkwe alitaka mtoto aonjeshwe.

"Hapana Mama, muganga alisema ziwa tu mpaka miezi sita."

"Sisi tuliwalea ninyi na maziwa ya ng'ombe."

"Ndiyo Mama. Lakini huyu tungoje."

Mama mkwe alinyamaza, kisha akasema: "Basi sehemu yake nitainywa mimi, nipate nguvu za kumbeba." Na anainywa kweli! Tunamuunga mkono mama kijana, kwa kusimama kwake na kwa namna alivyosema. (Fromaji za Masisi zimeliwa mpaka Kinshasa, na hapa kwetu nusu lita ya maziwa inagawanywa kama dawa. Hayo tutayasema siku nyingine.)

Baba anasukuma chukudu mpaka Sake na mizigo ya wafanyabiashara. Jumamosi anarudi na sambaza zilizofungwa kwa karatasi, na harufu yake inafika nyumbani kabla yake. Wazee wanakumbuka kwamba samaki hao hawakuwamo ziwani zamani. Waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa vipande vya mbao amemchongea binti chukudu ndogo, na watoto wa mtaa wanapanga mstari kuipanda. Na jioni baba anabeba mtoto mchanga mgongoni kwa kikwembe cha mke wake, mke akipika. Wanaume wanaopita wanamcheka. Yeye anawaambia mtoto ni mwepesi kuliko viazi.

Nyuma ya mlango tuliona mzigo umefungwa. Hatukuuliza, maana na sisi tunao. Mama mwenyewe ndiye aliyesema. Ndani kulikuwa na nguo za watoto, kadi ya chanjo na sufuria kubwa, tayari kwa usiku wowote. Lakini majani ya maharagi yalipokuwa mengi, sufuria ndogo haikutosha, akaitoa ile kubwa. Ni majuma mawili sasa na hajairudisha.

"Mnafikiri niirudishe?" akatuuliza.

Tulitazamana. Mvua ilianza kupiga juu ya shitingi waliyotoka nayo kambini, iliyo sasa paa lao, na haikuvuja hata tone. Mmoja wetu alimwambia kadi ibaki mzigoni, sufuria ibaki motoni. Akacheka, akatupakulia.

Siku ya mkutano, mwenye mbegu ya viazi iliyobaki aje nayo, hata kama ni ya kikapu kimoja. Wao walipata ya mistari mitatu tu, na udongo bado upo.