Kabla ya Kumfuata Fezanti: Maandalizi ya Safari ya Kwanza (Sehemu ya Kwanza)

Jumamosi ya tatu ya Oktoba, msimu wa fezanti unapofunguliwa, si siku ya kutafuta chumba cha kulala Redfield, mji mdogo wa mashariki mwa jimbo la South Dakota, Marekani. Magari yenye namba za majimbo ya mbali hupangana kando ya barabara za vumbi, mbwa hulia ndani ya vizimba, na watu waliovaa vizibao vya rangi kali ya chungwa hutazama saa zao. Hakuna anayeingia shambani. Sheria ya jimbo inakataza kumpiga fezanti kabla ya saa nne kamili asubuhi, kwa majira ya kanda ya kati. Hata wakazi wa magharibi mwa jimbo, ambao saa zao ziko nyuma kwa saa moja, hufuata majira hayo hayo.

Anayesubiri hapo kwa mara ya kwanza aghalabu amejiandaa kwa jambo moja tu: kupiga. Amenunua bunduki, amenunua risasi, ametazama video hadi usiku wa manane. Wawindaji wakongwe huanzia upande mwingine kabisa. Kwao, maandalizi ni kujua ndege yupi hapigwi, shamba lipi halikanyagwi, na ni wakati gani kidole hutoka kwenye kifyatulio hata kama jogoo amepaa mbele ya uso.

Fezanti mwenyewe ni mgeni huko. Ni ndege wa Asia, wa jamii moja na kuku wa nyumbani. Mwaka 1881 Owen Denny, aliyekuwa balozi mdogo mkuu wa Marekani mjini Shanghai, alisafirisha fezanti wa China kwa meli kwenda jimbo la Oregon. Wengi wa kundi hilo walikufa kabla ya kufika. Hakukata tamaa. Kundi la mwaka uliofuata liliachiwa katika bonde la mto Willamette na likazaana kwa kasi, hata kufikia mwaka 1892 Oregon ikafungua msimu wa kuwinda. South Dakota ilichelewa kidogo. Wakulima wa wilaya ya Spink, ambako ndiko Redfield iliko, waliachia ndege wao mwaka 1908, na msimu wa kwanza wa jimbo hilo ulikuwa wa siku moja tu, tarehe 30 Oktoba 1919. Mwaka 1943 mgeni huyo wa Asia akatangazwa ndege rasmi wa jimbo. Wenyeji wengi leo hushangaa kuambiwa kwamba hakuwepo hapo tangu awali.

Jambo la kwanza la kujifunza, basi, ni kumtambua. South Dakota huruhusu majogoo 3 kwa mtu kwa siku. Jike hapigwi hata mmoja. Sababu yake ni ya kibiolojia: jogoo mmoja hupanda majike kadhaa, kwa hiyo majogoo wakipungua, vifaranga wa mwaka unaofuata hawapungui kwa kiasi cha kutia hofu. Jogoo ana kichwa cha kijani kinachokaribia weusi, mashavu mekundu, pete nyeupe shingoni, mwili wa rangi ya shaba na mkia mrefu uliochongoka. Jike ana rangi ya majani makavu. Kwenye picha hakuna anayekosea. Shambani, jua likiwa limeinama na kumulika machoni, ndege wote huonekana weusi, na mwanagenzi ana sekunde mbili au tatu za kuamua. Hapo sikio husaidia, maana jogoo mara nyingi hupiga kelele anapopaa. Asiye na hakika huacha ndege aende zake, na hakuna atakayemcheka.

Sheria haiishii hapo. Ndege akishapigwa, ni lazima abaki na kichwa, bawa lenye manyoya yake, au mguu hadi afikishwe nyumbani, ili askari wa wanyamapori akisimamisha gari aweze kuthibitisha kuwa ni jogoo. Leseni ya asiye mkazi wa jimbo hutoa vipindi viwili vya siku 5 mfululizo, na tarehe huchaguliwa na mwindaji mwenyewe. Katika jimbo jirani la Iowa, yeyote aliyezaliwa baada ya tarehe 1 Januari 1972 hana budi kupita mafunzo ya uwindaji kabla ya kununua leseni, na kuvaa vazi la rangi ya chungwa ni amri ya sheria. South Dakota haimlazimishi mwindaji wa fezanti kuvaa rangi hiyo. Hata hivyo, atakayefika bila kizibao atatazamwa kwa jicho baya, na watakaomtazama hivyo watakuwa na haki.

Des Moines, mji mkuu wa Iowa, una wasemaji wa Kiswahili waliotoka Kongo na Burundi, na wapo watakaoalikwa na wafanyakazi wenzao kwenda kuwinda. Hao wanahitaji neno la ziada. Sheria ya Marekani kwa kawaida humkataza mgeni aliyeingia kwa viza ya muda, mwanafunzi kwa mfano, kumiliki au hata kushika bunduki. Mojawapo ya nafuu zilizowekwa ni kwa mtu mwenye leseni halali ya uwindaji iliyotolewa nchini humo. Mwenye ukaazi wa kudumu hafungwi na katazo hilo. Suala la hadhi ya uhamiaji halifai kuamuliwa kwa maneno ya rafiki kazini. Mwanasheria aulizwe mapema.

Baada ya leseni huja ardhi, na hapa ndipo safari nyingi za kwanza huharibika. Sehemu kubwa ya South Dakota ni mashamba ya watu, na kuingia bila ruhusa ni kosa. Zipo pia ardhi za umma, na yapo mashamba ya watu binafsi ambayo idara ya wanyamapori ya jimbo huyakodi ili wananchi wawinde kwa miguu bila kumlipa mkulima chochote. Idara hutoa ramani zake kila mwaka. Lakini ramani haisemi ndege wako wapi. Fezanti anataka nyasi ndefu za kulala na kutagia, na shamba la mahindi au mtama la kulia, viwili hivyo vikiwa karibu karibu. Tangu mwaka 1985 serikali kuu ya Marekani huwalipa wakulima ili waache sehemu ya ardhi yao chini ya nyasi, na fezanti walinufaika mno. Bei ya mahindi ilipopanda baada ya mwaka 2007, nyasi nyingi zililimwa, na ndege wakapungua pamoja nazo. Anayetafuta fezanti huanza kwa kutafuta mpaka wa nyasi na nafaka.

Ratiba ya ndege huyu ni nyepesi kukariri. Hulala nyasini, hutoka asubuhi kwenda kula, adhuhuri hupumzika kwenye vichaka na kingo za mitaro, hurudi kula alasiri, kisha huingia malazini jua likikaribia kuzama. Saa ya mwisho ya mchana ndiyo tamu kuliko zote, na wengi huikosa kwa sababu miguu imekwisha. Theluji ikianguka, hukimbilia kwenye matete ya mabwawa yaliyoganda, na kumfuata humo ni kazi ya mapafu.

Aliyewahi kumfuata kanga porini anaijua tabia ya fezanti: hukimbia kwanza, kuruka ni uamuzi wa mwisho. Mlango wa gari uliobamizwa, au sauti ya mtu anayemwita mwenzake, humtosha kuhama upande wa pili wa shamba kabla bunduki haijatiwa risasi. Kwa hiyo watu hushuka kimya. Hutembea polepole, husimama, huenda tena. Kusimama huko ndiko kunakomtia hofu ndege aliyejibanza, akapaa. Mwishoni mwa shamba kila mtu hujiweka tayari, kwa sababu waliokuwa wakikimbia wote wamefika ukingoni na hawana pa kwenda.

Bunduki inayofaa ni shotigani ya kipimo cha 12 au 20, yenye kumkaa mtu begani vizuri. Bei yake haimuui ndege. Marisau namba 5 au 6 za madini ya risasi ni za kawaida. Katika ardhi nyingi za umma marisau hizo hazikubaliki kwa sababu ya sumu, hivyo hutumika za chuma, ambazo ni nyepesi na huhitaji kuwa kubwa zaidi, namba 2 au 3. Namba ikishuka, punje huwa kubwa. Mazoezi hufanywa miezi kabla, kwa kupiga visahani vya udongo vinavyorushwa na mashine, bunduki ikianzia chini na si begani. Kosa la wanagenzi karibu wote ni moja: jogoo hufikia sentimita 90, na kiasi cha nusu ya urefu huo ni mkia. Macho huvutwa na mkia, na marisau huenda huko huko. Dawa yake ni kuikazia macho ile pete nyeupe ya shingoni.

Usalama hauwezi kuelezwa vizuri kuliko kwa kisa cha tarehe 11 Februari 2006. Dick Cheney, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani, alikuwa akiwinda kware kusini mwa Texas. Mwenzake, wakili Harry Whittington mwenye umri wa miaka 78, alitoka kwenye mstari kwenda kuokota ndege wake, akarudi akitokea nyuma bila wenzake kumwona. Ndege alipaa, Cheney akageuka akimfuata kwa mtutu, akafyatua. Punje zilimpata Whittington usoni, shingoni na kifuani, na punje moja ikamletea mshtuko mdogo wa moyo hospitalini. Alipona. Alikuwa amevaa rangi ya chungwa, na bado haikumwokoa. Kanuni mbili zilivunjwa siku ile. Mtu haondoki kwenye mstari bila kusema, na mtutu haumfuati ndege nje ya eneo ambalo mpigaji amekwisha kulikagua. Kwa fezanti huongezwa ya tatu: mbingu ionekane chini ya ndege kabla ya kufyatua, kwa sababu mbwa yuko chini na wawindaji wengine wamesimama upande wa pili wa shamba.

Mavazi hayana mengi. Viatu viwe vimevaliwa wiki kadhaa kabla, suruali iwe ngumu ya kuhimili miiba, macho yawe na miwani. Hali ya hewa ya Oktoba inaweza kuwa ya fulana. Ya Desemba ni ya kuganda masikio. Maji yabebwe kwa ajili ya mtu na mbwa. Katika ufunguzi wa mwaka 2003 South Dakota ilikumbwa na joto kali, na mbwa wengi walikufa kwa kukimbizwa kupita kiasi.

Kwa Mwislamu lipo swali la chakula. Bismillahi husemwa wakati wa kufyatua, na ndege akikutwa bado hai huchinjwa. Kisu kiwe mfukoni, si garini. Aliyekutwa amekufa kwa marisau ana mjadala, na wanazuoni hawajakubaliana. Sheikh aulizwe kabla ya safari, kwa kuwa shambani hakuna muda wa fatwa.

Sehemu ya pili ya makala haya itamhusu mbwa: aina zake, mafunzo yake, na namna ya kuwinda bila yeye. Msomaji anayetaka kwenda msimu ujao asisubiri sehemu hiyo ili ampigie simu mwenye shamba. Simu ya Agosti hujibiwa kwa upole. Ya usiku wa kuamkia ufunguzi, mara nyingi haijibiwi kabisa.