Kamera ilipogeuka mke wa pili

KWA mke wa mpiga picha, Jumamosi si siku ya nyumbani. Ni siku ya harusi za watu wengine. Ndugu yangu mmoja huondoka alfajiri na mkoba begani, akarudi usiku wa manane akiwa hoi, na Jumapili nzima huwa anachambua picha mamia kwa mamia. Ajabu ni kwamba katika albamu ya familia yake mwenyewe hayumo.

Nilipomtania, mkewe alidakia: “Shemeji, huyu alioa kamera. Mimi ni mgeni hapa.”

Hakuwa akicheka.

Nilimkumbuka marehemu Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943. Ndiye aliyepiga picha za njaa kule Korem, Ethiopia, Oktoba 1984, zilizoushtua ulimwengu na kuchangia kuzaliwa kwa tamasha la Live Aid mwaka uliofuata. Mnamo 1991 ghala la silaha lililipuka jijini Addis Ababa. Mwenzake, John Mathai, aliuawa, naye Amin akapoteza mkono wa kushoto. Wengi wangestaafu. Yeye alitiwa mkono bandia akarudi kazini. Novemba 23, 1996, ndege aliyoabiri ilitekwa nyara, ikaanguka baharini karibu na Comoro, na huo ukawa mwisho wake.

Hayo yanajulikana. Ya nyumbani yalisimuliwa na mwanawe wa pekee, Salim, katika filamu ya 2006 iitwayo Mo & Me. Ni hadithi ya mtoto aliyelazimika kugawana baba na ulimwengu. Hata hivyo hakuichukia kamera. Aliirithi Camerapix, kampuni ya babake.

Mimi sisemi Korem ingeachwa ili baba awahi chajio. Lakini harusi ya kila Jumamosi si Korem, ingawa, tusidanganyane, ndiyo inayolipa kodi ya nyumba.

Ndugu yangu na mkewe walibishana wiki mbili. Mwishowe waliafikiana: Jumamosi moja kila mwezi hapokei kazi, hata bwana harusi aje na malipo mkononi. Mwezi wa kwanza alikataa harusi mbili, akanuna siku nzima.

Mwezi uliofuata walienda Uhuru Park na watoto. Kijana mmoja aliwapiga picha, wote wanne. Imo kwenye albamu sasa. Ndugu yangu bado analalamika kwamba yule kijana alimkata miguu.