Masika Yakiisha, Shusha Tuta la Mboga

Ndugu mkulima, leo tutazungumza juu ya bustani ya mboga ya hapo nyumbani kwako, wakati mvua zinapoondoka na kipupwe kinapoingia. Kwenu mnaopata masika ya Machi hadi Mei, kama Tanga, Kilimanjaro na Morogoro, wakati wenyewe ni mwezi wa Juni. Kwenu wenye msimu mmoja wa mvua, kama Dodoma, Iringa, Mbeya na Ruvuma, kazi hii huanza mapema zaidi, mara tu mvua zinapokatika.

Wengi wetu mvua zikikatika tunaiaga bustani. Tunasema, "Mboga ni za masika." Matokeo yake tunayajua. Ikifika Septemba, fungu la mchicha sokoni limekuwa dogo na bei imekuwa kubwa, na watoto wanakula ugali kwa mchuzi mwembamba. Mboga za majani humpa mtoto vitamini A ya kulinda macho yake, tena humsaidia mama mjamzito kupata damu. Haja hiyo haingoji mvua.

Na kipupwe chenyewe si wakati mbaya. Kabichi, sukuma wiki na karoti hupenda ubaridi. Magugu hupungua. Kinachokosekana ni maji, na mara nyingi maji hutoka mbali. Debe moja la lita 20 ni kilo 20 juu ya kichwa cha mama au cha mtoto. Basi swali ni hili: maji hayo yakishafika bustanini, yanabaki kwenye mizizi au yanakimbia?

Hebu litazame tuta lako. Wakati wa masika ulilinyanyua ili maji yaliyozidi yatoke na mizizi isioze. Ulifanya vizuri. Lakini sasa tuta hilo hilo linakuibia. Jua na upepo hulikausha kutoka juu na kutoka ubavuni, na maji unayomwaga huteremka kwenye njia. Dawa yake ni kulishusha.

Pima tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 5, ili uweze kufika katikati bila kulikanyaga. Ondoa udongo wa juu, uweke kando. Chimba na kulainisha udongo wa chini. Kisha rudisha udongo wa juu ukiwa umechanganywa na madebe 2 ya samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi usitie, itaunguza miche. Udongo unaobaki jengea kingo pande zote, ili tuta likae chini ya kingo kwa kama sentimita 10. Sasa una tuta lililozama. Maji ukiyamwaga hayana pa kwenda ila chini.

Baada ya kupanda, tandaza nyasi kavu zisizo na mbegu, au majani ya migomba, unene wa vidole vinne. Yasiguse shina la mche, yaache mbali kidogo. Kama kwenu mchwa ni wengi, yakague mara kwa mara.

Je, maji kiasi gani? Katika siku za jua, mita 1 ya mraba huhitaji kama lita 4 hadi 5 kwa siku. Tuta letu ni mita 5 za mraba, kwa hiyo debe moja kwa siku linatosha. Miche ikishashika, ni afadhali kumwagilia madebe 2 kila baada ya siku moja kuliko kunyunyiza kidogo kidogo kila siku. Ukinyunyiza juu juu, mizizi hubaki juu, na jua likizidi mche hunyauka. Udongo wa kichanga ndio unaotaka maji kila siku. Jaribu kwa kidole: kichomeke chote ardhini asubuhi. Kikikuta unyevu, leo usimwagilie.

Mwagilia asubuhi mapema au jioni, shinani, siyo kwenye majani. Maji uliyooshea mboga au mchele usiyamwage uani, yapeleke bustanini.

Usilime kuliko maji yako. Matuta 2 yanayoshiba ni bora kuliko 6 yenye kiu. Moja liwe la mchicha, ambao huanza kuchumwa baada ya wiki 3 hadi 4. Sia nusu leo, na nusu baada ya wiki 2, ili mboga zisije zote kwa mpigo. La pili liwe la sukuma wiki, ambayo ukiichuma majani ya chini huendelea kukupa kwa miezi kadhaa. Bakiza miche michache ya mchicha iliyo mizuri kuliko yote, usiichume, ikupe mbegu.

Wadudu nao wapo. Kila mara unapomwagilia, geuza majani utazame chini yake. Vidukari wakianza, waponde kwa vidole na unyunyize majivu makavu. Viwavi waokote kwa mkono asubuhi, kabla hawajawa wengi.

Mwisho, ndugu mkulima, kumbuka kwamba vuli zikikaribia tuta hilo lazima linyanyuliwe tena, maana likibaki shimo mvua italigeuza kuwa dimbwi. Lakini hiyo ni kazi ya Oktoba. Kazi ya wiki hii ni jembe, samadi na matuta mawili. Kazi njema.