Gia za Baiskeli ya Kukunja kwenye Milima ya Tukuyu: Anza Mbele

Baiskeli ya kukunja yenye magurudumu ya inchi 20 kwa kawaida huundwa kwa ajili ya mjini, barabara ya lami isiyo na mlima. Ipeleke Msasani, kata ya Tukuyu wilayani Rungwe, na shida inaanza siku hiyohiyo. Kyela, kule chini kando ya Ziwa Nyasa, ardhi imelala na baiskeli inakwenda yenyewe. Tukuyu ipo zaidi ya mita 1,000 juu ya ziwa hilo, kwenye miteremko ya Mlima Rungwe, na huko hata baiskeli kubwa ya Phoenix huonekana ikisukumwa na mwenyewe, mkungu wa ndizi ukiwa kwenye keria.

Mwenye baiskeli ya gia akichoka kusukuma, jambo la kwanza analofikiria ni kubadili friwili, yaani sproketi za nyuma: atoe yenye jino kubwa, yaani sproketi kubwa kabisa, la meno 28, aweke ya 34. Mimi nasema aanze na sproketi ya mbele, na sababu yangu ni hesabu.

Tairi la 20 kwa 1.75 likizunguka mara moja linakwenda takriban mita 1.55. Baiskeli nyingi za aina hii zina meno 52 mbele, na nyuma 14 hadi 28. Kwenye gia nyepesi kabisa, 52 kwa 28, pedali ikizunguka mara moja unasogea karibu mita 2.9. Kwa mlima wa Tukuyu hiyo ni nzito mno. Weka sproketi ya meno 38 mbele, usiguse kitu kingine, na mzunguko huo unashuka hadi mita 2.1. Gia nzito nayo inapungua, ila ukikanyaga mizunguko 80 kwa dakika bado unafika kilomita 20 kwa saa. Zaidi ya hapo mteremko utakupeleka wenyewe, na cha kuangalia ni breki.

Faida kubwa iko kwenye direla, yaani kile kikono cha nyuma chenye springi na vigurudumu viwili vya meno. Kuhamisha cheni ni nusu tu ya kazi yake. Nusu ya pili ni kumeza cheni inayolegea unapotoka jino kubwa kwenda dogo. Kama mbele una sproketi moja, kiasi cha kumeza kinategemea friwili peke yake: 28 toa 14, unapata 14. Ukipunguza meno ya mbele, hesabu hiyo haibadiliki, kwa hiyo direla ya zamani inabaki. Ukiweka friwili ya 34, tofauti inakuwa 20, na direla nyingi fupi zilizotengenezwa kwa jino la mwisho la 28 haziiwezi tofauti hiyo. Utalazimika kununua yenye kikono kirefu. Kwenye gurudumu dogo kikono kirefu kinaning'inia karibu sana na ardhi, na Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Tope, nyasi na mawe vitakipata kabla ya miguu yako. Anayebeba mizigo mizito kila siku namwelewa akitaka 38 kwa 34, ambayo ni mita 1.7 tu; basi atafute direla ya kikono cha wastani inayokubali 34.

Kuna kikwazo kimoja cha mapema. Kwenye baiskeli za bei nafuu sproketi ya mbele imepigwa ribiti kwenye krenki, kwa hiyo hubadilishwa pamoja na krenki yake. Pima kwanza urefu wa mkono wa krenki, na hakikisha sproketi mpya haigusi fremu.

Kisha cheni. Meno yakipungua 14 mbele, cheni inazidi kwa vipande 7 vya nusu inchi. Lakini vipande vya cheni hupishana, chembamba na kipana, kwa hiyo hutolewa viwiliviwili: toa 6. Namna ya kuhakiki ni kuzungusha cheni kwenye sproketi ya mbele na jino kubwa la nyuma bila kuipitisha kwenye direla, halafu kuongeza vipande viwili. Kabla ya kukata, weka rula: pini ya kwanza hadi ya 25 ni inchi 12 kamili kwenye cheni mpya. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, nunua nyingine. Ikizidi kwa moja ya nane, friwili nayo imeshaliwa, na cheni mpya itaruka juu yake.

Direla ina skrubu mbili ndogo zilizokaa jirani, moja ya H na nyingine ya L. Hiyo ya L ndiyo inayozuia cheni kuingia kwenye spoku. Chuchumaa nyuma ya baiskeli, sukuma direla kwa mkono hadi jino kubwa, na ukaze mpaka kigurudumu cha juu kikae sawa chini ya jino hilo, kisipite. Direla nyingi za bei nafuu hushikiliwa na nati ya ekseli, hivyo kila ukitoa gurudumu kuziba pancha inahama kidogo. Rudia ukaguzi huo kila mara.

Mwisho, kunja baiskeli polepole huku ukiangalia waya wa gia pale kwenye bawaba. Ukivutika, direla itahama yenyewe na ukifungua baiskeli utakuta gia zimevurugika. Acha waya na mpira wake wa nje vijikunje kwa ulegevu hapo, ila visifikie krenki.